Mwongozo Kamili wa Kupokea Kompyuta za Msaada Katika Shule za Lubumbashi

Maprefe (wakuu wa shule za sekondari), wakurugenzi wa shule na wanakamati wa wazazi wanaendelea kutuletea habari ile ile: kompyuta walizopewa na marafiki wa Ulaya zilifika, zikapigwa picha, na kabla mwaka wa pili wa masomo haujaisha chumba kikafungwa kwa kufuli. Lawama huangukia mashine, kwamba zilikuwa kuukuu. Lakini kompyuta ya ofisini yenye umri wa miaka sita, ikitunzwa, inaweza kufundishia miaka mingine mingi. Kinachoiua ni utaratibu uliopinduka, yaani mashine kutangulia umeme, chumba na mtunzaji.

Mwongozo huu umeandikwa kwa shule ya sekondari inayotaka chumba chenye mashine 20, ambapo wanafunzi wawili hukaa kwenye mashine moja. Mwenye mashine chache atapunguza hesabu, lakini asiruke hatua.

## Vifaa na watu wa kuwa nao kabla ya kuanza

Kwa upande wa umeme: multimetri (kipima umeme), stabilizateri (kifaa cha kusawazisha volti) ya kutosha chumba kizima, kifaa cha kuzuia kishindo cha umeme wa ghafla kwenye kisanduku kikuu, disjonkteri (swichi ya usalama ya kukata umeme) ya chumba peke yake, na fimbo ya shaba ya kutia waya wa ardhini.

Kwa upande wa mashine: bisibisi za nyota za saizi mbili, brashi laini, betri ndogo za CR2032 (moja kwa kila mashine), flashi mbili za GB 32, diski ya nje ya GB 500 au zaidi, swichi ya mtandao yenye matundu 24, nyaya za mtandao, na vibandiko vya herufi za kibodi.

Kwa upande wa chumba: antivoli za chuma madirishani, mlango wa chuma wenye kufuli mbili, kabati la chuma lililofungwa ukutani kwa boliti, meza imara na vitambaa vya kufunikia.

Kwa upande wa watu: fundi umeme anayejulikana, mwalimu mmoja aliyekubali kwa maandishi kuwa mtunzaji, na wakala wa forodha mwenye kibali ikiwa mzigo unatoka nje ya nchi.

## Hatua ya 1: Pima umeme kabla ya kuomba hata mashine moja

Chukua multimetri na upime volti za chumba kile kile kitakachotumika, wakati wa masomo na tena jioni watu wanapopika, kwa muda wa wiki moja. Andika kila kipimo. Umeme wetu ni wa volti 220, lakini katika mitaa mingi ya Katuba, Kenya na Ruashi, komini za mji wetu, hushuka sana jioni kwa sababu transfoma moja hubeba nyumba nyingi.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulielewa kinyume. Volti zinazoshuka si adui mkuu, kwa kuwa chaja nyingi za kompyuta za kisasa hupokea kuanzia volti 100 hadi 240. Adui mkuu ni dakika umeme unaporudi baada ya delestaji (mgao wa umeme), kwa sababu hurudi kwa kishindo na kuchoma vifaa vilivyoachwa vimechomekwa. Ndiyo maana chumba kinahitaji disjonkteri yake, ambayo mtunzaji huishusha umeme ukikatika na kuipandisha dakika kumi baada ya kurudi, mkondo ukishatulia.

Waya wa ardhini usiuonee aibu kuudai. Mafundi wengi huuacha kwa kuwa taa huwaka bila huo, lakini kompyuta isiyo nao humpiga mtoto shoti ndogo kila anapogusa chuma chake, na katika msimu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Machi, radi haina pa kwenda ila ndani ya mashine. Fimbo ya shaba izikwe mahali ambapo ardhi hubaki na unyevu, na ifichwe vizuri; katika mji wa shaba, shaba isiyo na ulinzi haikai.

Baadaye fanya hesabu ya nguvu. Kompyuta ya mezani pamoja na skrini yake hutumia takriban wati 90, kwa hiyo mashine 20 ni wati 1,800, na kwa saa nne za masomo ni wati-saa 7,200 kwa siku. Kompyuta mpakato hutumia takriban wati 40, kwa hiyo 20 ni wati 800, na kwa saa nne ni wati-saa 3,200. Ikiwa shule inafikiria umeme wa jua, na tukikadiria saa nne za jua kamili kwa siku na upotevu wa theluthi moja hivi, kompyuta mpakato zitahitaji paneli za wati 1,200, ilhali za mezani zitahitaji zaidi ya wati 2,500. Betri za asidi hazifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo wati-saa 3,200 zinahitaji betri za wati-saa 6,400, yaani karibu saa-ampea 270 kwa volti 24.

Hesabu hiyo peke yake yatosha kuamua aina ya mashine. Mimi husimama upande wa kompyuta mpakato, kwa sababu betri yake, hata ikiwa imechoka, huvumilia mkatiko mfupi bila kazi ya mwanafunzi kupotea. Ubaya wake ni kwamba mwizi mmoja hubeba tano kwa mfuko mmoja. Kabati la chuma katika orodha yetu si pambo.

Umefaulu hatua hii ukiwa na karatasi yenye vipimo vya wiki nzima, disjonkteri ya chumba inayofanya kazi, na fundi aliyekuonyesha kwa multimetri kwamba waya wa ardhini unashika.

## Hatua ya 2: Mwandikie mfadhili masharti, si maombi

Barua nyingi huanza kwa shukrani na kuishia kwa maneno «chochote mtakachopata tutakipokea». Anayepokea chochote hupokea takataka za wengine na kulipia usafiri wake. Mfadhili mwenye nia njema hupenda kuambiwa kinachohitajika, na asiyependa kuambiwa ni afadhali ajulikane mapema.

Barua itaje mambo haya bila kuzunguka. Mashine ziwe za aina moja, au zisizidi aina mbili, kwa sababu mashine 20 za aina moja hubadilishana chaja, memori na skrini, na moja ikifa inakuwa ghala la vipuri kwa wenzake. Mashine 12 zinazofanana zina faida kuliko 30 za mchanganyiko. Kila moja iwe na memori ya GB 8 na diski ya SSD, yaani ya kisasa isiyozunguka. Ikiwa mfadhili ana fedha kidogo za ziada, azitumie kubadilisha diski za zamani za kuzunguka ziwe SSD kabla ya kutuma, maana hakuna badiliko jingine linaloihuisha mashine kuukuu kwa kiasi hicho.

Halafu taja kufuli zisizoonekana. Kompyuta za makampuni na za shule za Ulaya na Marekani husajiliwa kwa mbali na mwenye mali. Ukiifuta na kuiwasha mtandaoni, inadai nywila ya kampuni ambayo huijui. Chromebook zilizotumika shuleni ndizo mbaya zaidi: lazima shule ya kwanza iziondoe katika usajili wake, na kila modeli ina tarehe ambayo masasisho yake hukoma. iPad nazo hufungwa na akaunti ya mtumiaji wa zamani. Mfadhili athibitishe kwa maandishi kwamba usajili umeondolewa, nywila ya BIOS (programu inayoiamsha mashine) imefutwa, na data za zamani zimefutwa kabisa.

Masharti ya umeme nayo yaandikwe. Kompyuta ya mezani iliyotoka Marekani inaweza kuwa na kiswichi chekundu nyuma kilichowekwa 115; ikichomekwa kwenye volti 220 hivyo hivyo, sehemu yake ya umeme hulipuka papo hapo. Printa za leza za volti 110 zisipokelewe kamwe. Chaja zote ziwe zimeandikwa 100–240.

Kuhusu kibodi, mashine za Ubelgiji na Ufaransa huja na AZERTY, ambayo ndiyo walimu wetu wameizoea, ingawa ya Kibelgiji hutofautiana kidogo na ya Kifaransa katika alama. Za Uingereza na Uholanzi huja na QWERTY. Jambo hili halizuii kupokea, kwani vibandiko ni rahisi, lakini usichanganye aina mbili katika chumba kimoja.

Mwisho, omba orodha yenye namba ya seri (numéro de série) ya kila mashine, modeli yake na matokeo ya majaribio. Mfadhili asiyeweza kuandika orodha hiyo hajaziwasha.

## Hatua ya 3: Maliza karatasi kabla lori halijafika Kasumbalesa

Mzigo unaoshuka bandarini Dar es Salaam au Durban hupita Zambia na kuingia kwetu kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Hapo wengi hushtuka kuambiwa walipe ushuru, wakijitetea kwamba ni zawadi. Zawadi nayo ina thamani ya forodha. Msamaha hauji wenyewe. Huombwa kwa maandishi, na unapaswa kuwa mkononi kabla mzigo haujafika, kwa sababu kila siku ambayo lori linasubiri ina malipo yake.

Anayeomba awe na utu wa kisheria. Shule ya mtandao wa kidini hupitia ofisi ya uratibu ya kanisa lake, na chama kinachoisaidia shule kiwe kimesajiliwa kwa mujibu wa sheria nambari 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 inayohusu mashirika yasiyo ya faida. Mzigo uandikwe kwa jina la mwombaji huyo huyo, si kwa jina la ndugu anayeishi Brussels wala la padri aliyetafuta marafiki.

Karatasi za kukusanya ni barua ya mfadhili inayothibitisha zawadi, ankara inayoonyesha thamani hata kama hakuna malipo, orodha ya vifurushi, hati ya usafirishaji, na FERI, ambayo ni fomu ya kielektroniki ya OGEFREM, ofisi ya serikali inayosimamia usafirishaji wa mizigo. Kwenye mpaka mzigo utakutana na DGDA kwa ajili ya forodha na OCC kwa ajili ya ukaguzi. Mwachie wakala mwenye kibali kazi hiyo, lakini udai nakala ya kila karatasi na stakabadhi ya kila malipo.

Onyo moja zito: tangu tarehe 1 Januari 2025, chini ya Mkataba wa Basel, taka zote za kielektroniki, hata zisizo na sumu, haziruhusiwi kuvushwa mpaka bila nchi inayopokea kuarifiwa na kukubali kwanza. Mashine zilizokufa zikipakiwa pamoja na nzima, mzigo wote unaweza kuhesabiwa kuwa taka. Ile orodha ya majaribio ya hatua ya pili ndiyo kinga yako.

## Hatua ya 4: Pokea, safisha, chambua

Usizipeleke mashine darasani siku zinapofika, hata kama mheshimiwa fulani amealikwa na kamera ziko tayari. Ziweke katika chumba kilichofungwa, uzihesabu mbele ya mashahidi wawili, ulinganishe namba za seri na orodha, na wote watie sahihi.

Fungua kila mashine na uipige brashi. Vumbi jekundu la kiangazi litaingia baadaye. Lililomo sasa ni la zulia za ofisi, nalo huziba feni vile vile. Badilisha betri ya CR2032 bila kuipima. Ni kitu kidogo, lakini ikiisha, saa ya kompyuta hurudi miaka nyuma kila inapozimwa, tovuti hukataa kufunguka kwa sababu ya tarehe mbovu, na walimu husema mashine ina virusi.

Sasa ijaribu. Kwa flashi yenye Memtest86+ pima memori, na kwa programu ya kusoma afya ya diski angalia kama diski ina sehemu zilizokufa. Iache ikifanya kazi nzito saa moja nzima. Inayojizima kwa joto inahitaji kusafishwa tena na kupakwa gundi mpya ya joto juu ya prosesa. Betri ya kompyuta mpakato iliyovimba, hata kidogo, itolewe siku hiyo hiyo, isitobolewe, na iwekwe nje ya jengo ndani ya ndoo ya mchanga.

Gawa mashine katika makundi matatu: nzima, zinazotengenezeka na za vipuri. Usione haya kundi la tatu likiwa kubwa. Kila nzima ipewe namba iliyochorwa juu ya kifuniko kwa chuma cha moto au rangi isiyotoka, pamoja na jina la shule. Mashine yenye alama ya kudumu haina bei nzuri sokoni.

Hatua imekamilika pale ambapo mashine yoyote ya kundi la kwanza inawaka, inabaki na tarehe sahihi baada ya kulala bila umeme usiku kucha, na haizimiki katika saa ya kazi nzito.

## Hatua ya 5: Andaa mashine moja, kisha uinakili

Masasisho ya kawaida ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, kizazi cha nane au zaidi, kwa hiyo sehemu kubwa ya kompyuta za msaada haziwezi kuipokea kwa njia rasmi. Windows za kuvunjwa (nakala za wizi) zinazouzwa kwa flashi mjini huja na virusi vyao tayari.

Ushauri wangu ni Linux Mint ya toleo la Xfce, mfumo wa kompyuta ambao ni bure na mwepesi. Pingamizi la kawaida ni kwamba wanafunzi watakuta Windows kazini. Ni kweli, lakini anayejua kupanga faili, kuandika barua na kujenga jedwali kwa LibreOffice (programu za ofisi za bure) huhitaji siku chache tu kuzoea programu nyingine, ilhali aliyesoma kwa mashine iliyojaa virusi hakujifunza chochote.

Weka mfumo kwa lugha ya Kifaransa, kwa kuwa ndiyo lugha ya masomo ya sekondari na ya mtihani wa taifa. Ongeza LibreOffice, GeoGebra, Scratch, GCompris kwa wadogo, na programu ya kujifunza kuchapa. Unda akaunti mbili: ya mtunzaji yenye nywila, na ya mwanafunzi isiyoweza kubadilisha mfumo. Ukiridhika na mashine hiyo, inakili kwa programu ya Clonezilla hadi kwenye diski ya nje na uirudishe katika nyingine zote. Hapa ndipo mashine za aina moja hulipa: chumba kizima huwa tayari kwa siku moja au mbili, na mashine ikiharibika katikati ya muhula, hurudishwa katika hali yake ndani ya nusu saa.

## Hatua ya 6: Leta maktaba ndani, usisubiri intaneti

Kulipia megabaiti kwa ajili ya wanafunzi 40 wanaofungua ukurasa ule ule ni kumwaga pesa. Chagua mashine moja yenye nguvu iwe seva, uiunganishe na nyingine kwa swichi na nyaya, kisha uweke Kolibri na Kiwix, programu za maktaba ya masomo. Zote mbili ni bure na hufanya kazi bila intaneti. Wanafunzi hufungua kivinjari na kuandika anwani ya seva.

Kiwix hubeba Wikipedia ya Kifaransa nzima, ambayo ni makumi ya gigabaiti pamoja na picha, na ya Kiswahili ambayo ni ndogo zaidi. Kolibri ina masomo ya Khan Academy kwa Kifaransa, pamoja na hadithi za African Storybook zikiwemo za Kiswahili. Pakua vyote mahali penye intaneti nzuri, kama vile chuo kikuu, halafu uvilete kwa diski ya nje. Mwalimu achague mapema masomo yanayolingana na programu ya masomo ya mwaka wa saba na wa nane, ambayo tayari ina sehemu ya TIC (teknolojia ya habari na mawasiliano). Wanafunzi wa komersiali (biashara) wapewe jedwali la LibreOffice wafanyie mizania kwa mpango wa hesabu wa OHADA (umoja wa nchi za Afrika wa sheria za biashara), na hapo walimu wa uhasibu, ambao kwa kawaida hukwepa chumba hiki, watakuwa wa kwanza kuomba saa.

## Hatua ya 7: Panga chumba

Meza zizunguke kuta, skrini zikitazama katikati, ili mwalimu aone zote kwa jicho moja na nyaya zipite ukutani mbali na miguu. Usiunganishe ralonji (waya wa kurefusha umeme) juu ya ralonji. Joto la mwungano mmoja mbovu limewahi kuchoma vyumba. Printa ya leza isichomekwe kwenye onduleri (betri ya akiba ya kompyuta) wala kwenye inveta ndogo, kwa sababu inapopasha joto huvuta nguvu nyingi kwa ghafla na kuziangusha. Mashine zifunikwe kila jioni, na maji ya kusafishia sakafu yasiletwe kwa ndoo bali kwa kitambaa kilichokamuliwa.

## Hatua ya 8: Mpe mtunzaji mamlaka na fungu la pesa

Shule nyingi hukosea hapa baada ya kufanya mengine yote vizuri. Mtunzaji anateuliwa kwa neno la mdomo, hapunguziwi saa za kufundisha, na ufunguo unabaki kwa prefe ambaye hayupo. Andika barua ya uteuzi inayotaja saa zake za matengenezo kila wiki, na umpe msaidizi ili akihama chumba kisihame naye. Wanafunzi wa vyuo vya informatiki mjini, kama ESIS Salama, hutafuta nafasi za staji (mafunzo kazini). Waalike, lakini wafanye kazi chini ya mtunzaji.

Daftari moja likae mezani: tarehe, darasa, mwalimu, namba ya mashine yenye kasoro, na kilichofanywa. Ufunguo wa pili ukae katika bahasha iliyofungwa kwa prefe.

Fungu la matengenezo lipangwe na kamati ya wazazi kabla ya ufunguzi. Katika shule za msingi za umma, ambako masomo ni bure tangu Septemba 2019, mtoto asidaiwe pesa ya kompyuta kwa jina lolote. Chanzo kinachofaa ni huduma kwa watu wazima Jumamosi, kama vile kuchapa barua, kuchapisha na mafunzo ya jioni, mradi mapato yaandikwe katika daftari lake na mtunzaji asiwe yeye yule anayepokea pesa.

Baada ya muhula mmoja, fungua daftari. Ukikuta madarasa yameingia kila wiki na kasoro zimejibiwa ndani ya siku chache, chumba kinaishi. Kurasa zikiwa tupu, kagua kwanza ufunguo uko kwa nani.

## Hatua ya 9: Mashine zilizokufa

Kabla ya kuitupa mashine, toa memori, diski, feni, skrini na chaja, uziandike katika orodha ya vipuri. Usiwaruhusu vijana kuchoma nyaya ili kupata shaba, wala kuvunja skrini za zamani za kioo kizito, kwa kuwa zina madini ya risasi na moshi wa plastiki ni sumu. Yaliyobaki yafungwe katika masanduku yakiwa makavu, betri za lithiamu zikiwa zimetengwa na ncha zake zimezibwa kwa utepe, na katika mkataba na mfadhili kuwe na kifungu kinachosema nani atagharimia kuyaondoa. Kifungu hicho kiingizwe katika ile barua ya hatua ya pili, kwa sababu mfadhili husikiliza vizuri zaidi kabla ya kontena kuondoka.